Mama, Uliponiuliza Nilikudanganya

Mama,

Shikamoo.

Sijui namna nyingine ya kuanza na wewe. Miaka kumi na mmoja niliyokuwa mke wa mwanao sikuwahi kutamka neno mbele yako asubuhi kabla ya hilo, nawe uliniitikia marahaba yako fupi huku umeinama unapepeta uwele, bila kugeuka. Leo nimelisema kwa sauti humu chumbani kwako, halafu nikanyamaza kidogo kama mjinga, nasubiri.

Niko Sepuka. Ni Jumapili, tumeshakula mchana. Hamisi yuko juu ya zizi anarudishia bati lililong'olewa na upepo. Zainabu, binti yako, yuko uani na Rukia wangu wanapiga alizeti. Nasikia fimbo zao. Nimewaambia nataka kujinyoosha kidogo. Uongo mwingine huo. Nimekuwa mwongo katika nyumba hii, Mama, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Lakini ngoja nikupe kwanza habari za hapa, maana ungeniuliza hizo kabla ya zangu.

Arobaini yako imepita. Baba mdogo alisoma dua mpaka sauti ikamkatika, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja amezaa mapacha, wote majike. Jirani yako Mama Selemani bado akitoka kisimani anasimama uani anakuita, kisha anakumbuka, anatua ndoo, analia, anajitwisha tena anakwenda. Rukia hanywi uji wangu. Anasema una madonge. Nimeukoroga kama ulivyonionyesha, unga kwenye maji baridi kwanza, mkono usisimame. Anakunywa vijiko viwili ananitazama kwa adabu, anasukuma bakuli. Ana miaka tisa na tayari ananionea huruma.

Na mimi nimepita. Nilitaka kukwambia kwa mdomo wangu. Nimepita, Mama. Wamenipa kurekebisha sura mbili za mwisho, basi, kisha nitavaa joho. Wenzangu wodini wameanza kuniita Daktari Mwanaidi, halafu wanacheka, kwa sababu mama wa mgonjwa akisikia Daktari ananyoosha daftari nimwandikie dawa. Nawe ndivyo ulivyouliza siku ile nilipokuja kukueleza kwamba nataka kusomea shahada ya uzamivu ya uuguzi wa watoto.

"Muuguzi akisoma hivyo anakuwa daktari?"

"Hapana, Mama. Anakuwa muuguzi aliyesoma sana."

"Sasa hiyo faida yake nini?"

Nilikueleza kwamba masomo yenyewe si ya kukaa maktaba. Unachagua jambo moja wodini linaloumiza watoto, unalibadilisha, unaonyesha kama limebadilika kweli. Ulifikiri sana. Kisha ukasema, "Mlete Rukia." Basi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kukubembeleza na yote yakanibaki mdomoni. Rukia alikuwa na miaka mitano. Ulimshika mkono mkaenda zenu kuangalia mbuzi, na miaka minne ikapita, mimi nikiwa njiani kati ya wodi, chuo Dodoma na nyumba yetu ya mjini, Mandewa, mwanangu akikulia mikononi mwako.

Acha nikwambie siku yenyewe ilivyokuwa, kwa upande wangu.

Nilikuwa Dodoma. Nilipangiwa kusimama mbele ya jopo la watahini saa nne na nusu. Saa moja asubuhi nilikupigia simu nipate dua yako, haikupokelewa. Nikajua uko na mbuzi. Nilimpigia Hamisi, akapokea, sauti yake ikawa nzito, akasema mtandao unasumbua, akasema, "Kafanye mtihani wako vizuri." Nikadhani ana mafua.

Ulikuwa umeanguka ukifagia uwanja. Walikupakia kwenye gari la mwalimu mkuu kukupeleka mjini na hamkufika. Saa nne na nusu, niliposimama na kuwasha picha zangu ukutani, wanawake walikuwa wanakuosha.

Nilitoka saa sita, wameniambia nimepita, nikapiga simu yako. Sikupiga ya Hamisi, nilipiga yako. Ilipopokelewa nikapiga kelele hata kabla ya salamu: "Mama, nimepita!" Nikasikia Yasini inasomwa nyuma. Kisha Zainabu akasema, "Wifi." Hakusema lingine. Wifi, halafu akashindwa.

Niliomba mnisubiri. Baba mdogo akachukua simu akasema kwa upole kwamba maiti hasubirishwi. Walikuzika baada ya adhuhuri. Nilifika jua linazama, na viatu vyangu vile vya kisigino vya kusimamia mbele ya wakubwa, nikavitembeza kwenye udongo wako uliokuwa bado una unyevu. Kama wangeniambia saa mbili ningefika, Mama. Ningekuosha. Nimeosha watoto wa watu wengi sana kwa mikono hii, na wewe nilikukosa.

Sikusema na Hamisi siku tisa. Nilimpikia, nilimfulia, sikusema naye. Siku ya kumi Zainabu alinikalisha akaniambia kwamba wakati wanakupandisha kwenye gari, mdomo umeshakwenda upande, ulisema, "Msimwambie Mama Rukia. Leo ana mtihani." Sijui kama ni kweli au wamelitunga ili nisimchukie mume wangu. Zainabu ameapa. Usiku mwingine naamini, asubuhi siamini. Ila Hamisi nimesema naye. Alikuwa amekonda.

Tukirudi nyuma, unajua tulivyoanza vibaya. Ulitaka mkwe Mnyaturu, ukaletewa Mgogo wa Manyoni, mtoto wa mfanyakazi wa reli, tena muuguzi. Kwenye harusi ulikaa na shangazi za Hamisi mkazungumza Kinyaturu kutwa nzima, nami nikatabasamu kwa maneno nisiyoyajua. Rukia alipozaliwa hospitali mjini, ulisafiri kutoka Sepuka na chupa ya uji wa uwele, ukafika mpaka getini, ukampa Zainabu aingize. Wewe hukuingia. Siku tatu ulikuja, siku tatu ulisimama nje ya uzio juani. Nilikuona kutoka dirishani. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ananidharau mpaka hataki kukanyaga ninapofanya kazi. Niliishi na hilo miaka mingi. Niliwasimulia hata wenzangu wodini, tukakucheka. Nisamehe hilo pia, ni dogo kuliko lile jingine.

Jambo nililochagua kwa masomo yangu lilikuwa watoto wanaoondolewa wodini kabla hawajapona. Usiku wamewekewa oksijeni, asubuhi kitanda kitupu, bibi au mama ameondoka naye. Kwenye faili tunaandika neno moja: ametoroka. Nilitaka kujua kwa nini. Nikapata kibali, nikaanza kuwafuata vijijini waliokubali kuzungumza, hasa mabibi, maana ndio wanaobaki na wajukuu. Walinisimulia na nikawarekodi kwenye simu. Shida ikawa lugha. Walianza kwa Kiswahili, wakifika panapouma wanahamia Kinyaturu, nami nabaki natikisa kichwa. Msimamizi wangu akataka nitafute mtu anayejua Kinyaturu cha wazee, si cha vijana wa mjini.

Nilikuletea wewe rekodi zile. Nilikupa fomu ya kutunza siri uweke sahihi. Uliishika muda mrefu, ukaomba nikusomee mara mbili, kisha ukaandika majina yako yote matatu, herufi moja moja, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Hamisi alipokuuliza jioni mnasikiliza nini humo ndani, ulimjibu, "Nimeweka sahihi." Mwanao wa kuzaa! Alicheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka.

Siku zile ndizo nilizokupata, Mama. Tulikaa kivulini mwa ukuta wa tembe, simu katikati yetu juu ya ungo uliofunikwa kitambaa, daftari langu magotini. Ulijifunza kusimamisha sauti kwa kidole gumba. Mimi nikiandika haraka, wewe unanirudisha.

"Hapo umeandika nini?"

"Nimeandika nesi alimgombeza."

"Hajasema hivyo. Kugombezwa ni kitu kidogo. Amesema alimfanya mdogo mbele ya watu. Andika hivyo."

Nikafuta, nikaandika hivyo. Neno lako hilo liko kwenye sura ya nne, na wale wa jopo walilisifu.

Nawe ndiye uliyenipa dawa yenyewe. Niliuliza, kwa hiyo tubadilishe nini? Nilitegemea kusikia vitanda, chakula, blanketi. Ukasema, "Mpeni pole kwanza." Nikasema pole peke yake, Mama? Ukasema mtu aliyetembea na mtoto mgongoni tangu alfajiri, ukimpokea kwa kumuuliza mbona amechelewa, umemwambia kwamba yeye ndiye ugonjwa. Tukabadilisha mapokezi yetu kwa neno hilo. Muuguzi anakaa, hasimami juu ya mtu. Anatoa pole ya safari. Kisha anauliza, umemfanyia nini mpaka sasa kumsaidia? Si kwa nini. Mwanzoni wenzangu walinicheka, wakasema tunasomea uzamivu wa salamu. Sasa hawacheki. Vitanda vitupu vya asubuhi vimepungua, na mabibi wanatuambia mambo waliyokuwa wanatuficha, dawa gani wamepaka, mganga gani wamepita kwake, na sisi tunajua pa kuanzia.

Halafu ikaja rekodi ya mama mmoja aliyesimulia alivyorudi nyumbani kwa miguu na mtoto mgonjwa mgongoni. Uliisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha. Kisha ukaweka simu kifudifudi, ukaniambia habari za Idd.

Nilijua ulikuwa na mtoto aliyemfuata Hamisi na kwamba alifariki. Kila nyumba ina mtoto wa namna hiyo, sikuuliza. Sikujua kwamba ulimbeba mwenyewe hadi hospitali, kifua kinabana, umempaka samli na majivu ya mti kama mama yako alivyokufundisha. Sikujua kwamba nesi alipofunua ule mpako alikugeukia mbele ya foleni nzima. Kiswahili chako kilikuwa kidogo wakati ule. Katika yote aliyosema ulishika neno moja tu, maiti. Ukadhani anakwambia mtoto ameshahesabiwa, hakuna atakayemgusa. Ukamfunga tena mgongoni ukatoka.

Alikufa njiani. Ulijua, ulisema, kwa sababu mgongo ulipoa. Na mbele yako kulikuwa na gulio, watu wamejaa, wengine wa ukoo. Hukumshusha. Ulipita katikati ya gulio na mwanao mgongoni, unaitikia salamu. "Mtoto amelala?" "Amelala." Hatua kidogo, mwingine. "Amelala?" "Amelala." Ulihesabu mpaka saba waliokuuliza. Ulimshusha ulipofika kwa mama yako.

Nikaelewa kwa nini ulisimama nje ya uzio.

Hukulia ukisimulia. Mimi nililia. Ukaniambia, "Hilo langu usiliweke kwenye kitabu chako," nikakuahidi. Kisha ukanitazama, na ulikuwa hunitazami sana usoni, Mama, ulikuwa mtu wa kutazama kazi ya mikono yako. Ukaniuliza, "Na wewe, Mama Rukia? Umewahi kumfanyia mtu hivyo?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

Ukasema, "Alhamdulillahi." Ukainuka kwenda kutia chumvi mboga.

Ile alhamdulillahi. Ningependa ungenipiga.

Nimewahi. Sasa nakwambia. Miaka miwili kabla sijaomba kusoma, alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha mbele ya Ikungi na mjukuu wake, Joshua, mwaka mmoja na miezi. Nimonia, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, midomo inageuka rangi. Siku nne alikuwa mgonjwa. Kifuani kapakwa kitu cheusi. Sisi tulikuwa wawili kwa wodi nzima na mtoto mwingine alikuwa amefariki asubuhi ile. Nakwambia hilo si kujitetea, nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama juu ya yule bibi, amekaa sakafuni, nikasema, "Siku nne! Bibi, siku nne ulikuwa unamtazama tu? Ungemleta kabisa akiwa amekufa tujue moja!" Wanawake wengine wakajitazama miguu. Yeye akavuta khanga akajifunika kichwa.

Nilimhudumia mtoto vizuri. Sindano, oksijeni, yote. Alianza kupumua vizuri. Asubuhi tukiwa tunakabidhiana zamu, kitanda kikawa kitupu, mrija wa oksijeni unapuliza shuka. Nikachukua kalamu nikaandika: ametoroka. Nikaweka sahihi. Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Walimrudisha siku ya tatu. Safari hii alimleta mjomba, bibi hakuja. Joshua alikufa nikiwa bado natafuta mshipa kichwani mwake.

Kwenye barua yangu ya kuomba chuo niliandika maneno mazuri, kwamba nimeguswa na changamoto za huduma kwa watoto wa vijijini. Niliyemkimbia ni Joshua. Miaka yote ile nilikuwa nauliza mabibi wa watu, kwa nini uliondoka, na jibu nilikuwa nalo nyumbani. Na wewe uliyeketi upande wa pili wa ungo ukaniuliza mara moja tu, nikakudanganya, kwa sababu niliona macho yako nikajua kwamba ukisikia utamuona yule nesi, na hutamuona Mama Rukia tena. Niliogopa utamshika Rukia mkono uingie naye ndani ufunge mlango.

Nilipanga kukwambia. Nilipanga kwamba nikirudi kutoka Dodoma, baada ya jopo, nitakuja Jumapili, tutakaa pale pale, nitasema. Nilijifunza hata namna ya kuanza.

Sasa sikia lililonitokea mbele ya jopo. Walinihoji saa nzima, nikajibu. Mwishoni mama mmoja mtu mzima, profesa, akavua miwani akauliza, "Na kwa nini wewe? Kwa nini swali hili?" Nilikuwa na jibu zuri nimelikariri. Nikafungua mdomo likatoka la Joshua. Lote. Nilichosema, nilichoandika, nilivyotafuta mshipa. Habari za Idd sikutaja, uliniomba. Yule profesa akasema ahsante, kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo watu watano nisiowajua walisikia kabla yako, Mama. Na saa ile ile wewe ulikuwa juu ya ubao, unamwagiwa maji. Hilo ndilo linaloniamsha. Nimepewa shahada kwa ukweli niliokunyima.

Baada ya arobaini nikaona siwezi kukwambia wewe na kumwacha yule anayehusika, bibi yake Joshua. Mhudumu wa afya wa kijiji kile ananifahamu. Nilimwomba amuulize kwanza kama atakubali kuniona, na akatae kama hataki. Jibu likachukua wiki mbili. Akasema aje.

Zainabu alitaka kunisindikiza anitafsirie. Nikakataa. Nilikwenda peke yangu na Kinyaturu chako, kile nilichojifunza kwako kwenye rekodi zile.

Nilimkuta anakandika ukuta wa jiko, matope mpaka viwiko. Hakunawa. Nikasema shikamoo, akaitikia, akaendelea kukandika, nikasimama pale nikasema yote, nimeyapanga tangu nyumbani. Nilisema ni mimi nesi wa siku ile. Nilisema maneno niliyomwambia, neno kwa neno, nisiyapunguze. Nilisema kwamba niliandika ametoroka, na kwamba nililoandika halikuwa kweli, kwa sababu mtu aliyefukuzwa hatoroki. Katikati nikakosea neno, akanisahihisha, bila kugeuka, kama ambavyo ungefanya wewe.

Nilipomaliza aliendelea kusawazisha ukuta kwa kiganja. Kisha akasema, "Sauti yako naijua. Sura sikuwa naijua. Niliona aibu kukutazama."

Akaniambia kwa nini aliondoka. Katika mabibi wote niliowarekodi hakuna aliyewahi kunipa jibu hilo. Akasema, "Nilidhani ukinichukia mimi, chuki itaingia kwenye dawa ya mtoto. Nikasema nimpeleke kwa mtu asiyetujua." Alikuwa anamwokoa, Mama. Alimwondoa ili kumwokoa na mimi.

Kisha akaniuliza, "Umekuja nikusamehe?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Sijui bado."

Nikaomba ruhusa ya kuondoka. Akanawa mikono kwenye beseni, taratibu, mpaka chini ya kucha, akajifunga khanga vizuri akatoka nami. Sikutegemea. Tulipita shamba lake la mtama, yeye mbele mimi nyuma, mpaka mwisho wa mpaka wake ambapo njia inaingia barabarani. Hapo akasimama. Akatazama upande wa shamba, akasema, "Alhamisi huwa siendi popote." Akageuka akarudi.

Ndiyo hayo, Mama. Sasa unajua.

Sikuombi uniambie kwamba ni sawa, maana usingesema. Wala sijui kama ungemchukua Rukia ukafunga mlango. Huenda ungefanya hivyo, na baada ya siku chache ungenifungulia, ukiwa umenipa mgongo. Nimeamua kuamini hivyo, na hakuna wa kunithibitishia, ndiyo adhabu yangu na nimeikubali.

Idd hayumo kwenye kitabu. Nimekisoma kurasa zote niwe na hakika. Barua hii nitaikunja niiweke humu kwenye sanduku lako la khanga, na Rukia atakapokuwa mtu mzima nitampa aisome, ajue bibi yake alipita wapi na mama yake alifanya nini. Chuo kimeniuliza kama nitakwenda kufundisha Dodoma. Nimewaambia bado. Nina wauguzi wapya watatu wodini, wepesi wa mikono, wakali wa midomo, na kila asubuhi nakaa nao kwenye meza ya mapokezi.

Hamisi ameshuka kutoka kwenye paa, namsikia ananawa. Atakuja kuniamsha.

Mungu akulaze mahali pema, Mama, na akukutanishe na mwanao, umbebe tena au akubebe yeye. Mimi nakuahidi hili tu, kwa sababu nimeona mengine makubwa yananishinda: Alhamisi nitakwenda. Na kama bado hajui, nitakwenda Alhamisi nyingine.

Mkweo,
Mwanaidi